Taichi: ngumi iendayo polepole

Jumapili mbili kila mwezi, jiji la Kigali hufunga baadhi ya barabara zake kwa magari na kuwaachia watu. Utaratibu huo ulianza Mei 2016. Watu hukimbia, huendesha baiskeli, hupima afya bila malipo na kufanya mazoezi ya pamoja, yale yanayoitwa kwa Kinyarwanda siporo rusange. Anayetoka jasho ndiye anayehesabiwa kuwa amefanya kazi. Katika hali hiyo, taichi hudhaniwa kuwa burudani ya wazee, au yoga ya Kichina. Dhana zote mbili zinakosea, na jina lenyewe limechangia.

Jina kamili la Kichina ni taijiquan. Quan ni ngumi, na kwa upana wake ni mtindo wa kupigana. Taiji ni dhana ya falsafa: ukomo mkuu, asili ya yin na yang. Wengi huamini kwamba "chi" ya taichi ndiyo ile chi ya pumzi na nguvu ya uhai. Sivyo. Ni maneno mawili yenye maandishi tofauti kabisa. Tahajia ya zamani ya Kilatini iliyatenganisha kwa alama ndogo, nayo ikaachwa njiani. Kwa hiyo anayeifasiri taichi kuwa "mazoezi ya pumzi" amefasiri neno lisilokuwemo.

Mchezo huu unahusishwa na kijiji cha Chenjiagou, mkoa wa Henan, katika karne ya 17, na mpiganaji Chen Wangting. Mwaka 1956 serikali ya China iliufupisha kuwa miondoko 24 ili raia wa kawaida aweze kujifunza, na Desemba 2020 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Kwa Kiswahili, taichi inatosha: neno moja, ngeli moja na karate na yoga. Kitenzi chake kiwe kucheza. Tunasema kucheza karate na kucheza kungfu, mchezo ambao Rwanda ina shirikisho lake; taichi ni ya ukoo huohuo, na kila mkono unaopanda taratibu ni kinga au pigo.

Kinachosumbua zaidi ni istilahi za ndani. Mwalimu hudai kila mara hali iitwayo song, na wepesi wa kufasiri huleta "kulegea". Lakini mtu aliyelegea kwa Kiswahili ni mzembe, au mgonjwa. Afadhali "kuachia misuli": mabega yashuke, mgongo ubaki wima, magoti yakunjwe kidogo. Msingi wa pili ni mguu mtupu na mguu uliojaa uzito. Uzito hauhami mpaka unyayo umeikagua ardhi, kama anayeshuka mteremko wa Nyamirambo, Kigali, baada ya mvua.

Faida inayothibitika vizuri inatokana na msingi huo. Mwaka 2012 watafiti wa Oregon, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 195 wa Parkinson. Waliocheza taichi mara mbili kwa wiki kwa wiki 24 walisimama imara zaidi, na walianguka mara chache zaidi kuliko waliofanya mazoezi ya kujinyoosha. Mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2019 yalionyesha kuwa miongoni mwa wazee wanaoishi majumbani, taichi hupunguza idadi ya wanaoanguka kwa takriban asilimia 20. Kwa maumivu ya goti lililochakaa, utafiti wa Boston wa mwaka 2016, wenye wagonjwa 204, uliikuta ikilingana na tiba ya viungo. Hayo yanatosha kuiheshimu. Anayeahidi kwamba inaponya kila ugonjwa anauza kitu kingine, na dawa za hospitali zisiachwe kwa ajili yake.

Majina ya miondoko, kwa bahati, yanakubali Kiswahili bila ubishi. Mmoja huitwa korongo mweupe akunjua mbawa. Kigali inawajua korongo. Wale wenye taji, waliookolewa kutoka kufugwa majumbani, wanatunzwa katika hifadhi ya Umusambi Village. Jina hilo linaeleza mikono tu, kwa hiyo mwalimu aongeze maneno machache: mguu wa kulia umejaa, wa kushoto ni mtupu, umegusa chini kwa vidole.