Waliolala Rufiji Kabla ya Watalii

Mkulima wa Rufiji alizoea kulala huku kiboko akikoroma chini ya sakafu yake zamani sana, kabla mtu yeyote hajafikiria kulipia raha hiyo. Katika bonde la mto huo familia zilijenga madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo ndefu, sakafu ya fito, paa la nyasi au makuti, na ngazi ya kupandia. Mpunga ukishatoa masuke, watu walihamia huko kulinda shamba. Mchana adui alikuwa ndege. Usiku walikuja nguruwe, viboko na tembo, nao walifukuzwa kwa moto, kelele na chochote kilichoweza kugongwa kikalia. Mto ukifurika, dungu hilo hilo ndilo lililonusuru watu na chakula chao.

Leo, kilomita chache upande wa juu wa mto, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, mgeni hupanda ngazi kama ile. Juu hukuta hema la turubai chini ya paa la makuti, kitanda chenye chandarua, na bafu la ndoo lisilo na dari. Kambi haina uzio. Jua likizama haruhusiwi kutoka peke yake. Humsubiri askari mwenye tochi amsindikize hadi mezani na kumrudisha, kwa sababu viboko hutoka majini kutafuta nyasi na hawajali njia hiyo ni ya nani. Atakapoamka ataletewa chai, kisha atapanda boti kwenda kutazama mamba katika maziwa ya Nzerakera, Manze na Tagalala, ambako mivumo iliyokufa imesimama majini bila vichwa.

Vipeperushi vya utalii hupenda kuliita eneo hili pori ambalo halijaguswa. Hilo si kweli. Kingo hizi ziligusika sana, na ukimya wake wa leo umetokana na vita, amri na uhamisho.

Tuanze na mwaka 1879. Mwezi Mei msafara wa Royal Geographical Society ya London uliondoka Dar es Salaam kuelekea Ziwa Nyasa. Kiongozi wake kwa jina alikuwa Keith Johnston, mchora ramani. Aliyejua kazi alikuwa James Chuma, Myao ambaye miaka michache kabla alikuwa miongoni mwa waliobeba maiti ya Livingstone kutoka bara hadi pwani. Yeye, mnyapara wa msafara, ndiye aliyekuwa injini ya kambi: aliandika wapagazi, aligawa mizigo, alipatana na wenyeji bei ya chakula, alichagua pa kulala. Msafara ukapiga kambi Behobeho, kaskazini ya Rufiji. Hapo Johnston akafa kwa kuhara damu tarehe 28 Juni. Uongozi ukamwangukia Joseph Thomson, kijana wa miaka 21, naye akafika maziwani kwa kumtegemea Chuma. Wakati ule Behobeho kilikuwa kijiji chenye watu na mashamba. Leo hakuna kijiji. Jina limebaki kwa kambi ya watalii na vilima vilivyo karibu nayo.

Watu walikwenda wapi?

Jibu la kwanza ni serikali ya Wajerumani. Mwaka 1896 gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya kudhibiti uwindaji, na Rufiji ikawa miongoni mwa maeneo ya kwanza kutengwa kwa ajili ya wanyama. Mwindaji wa kijijini akaanza kuitwa jangili kwenye ardhi ya babu zake. Miaka tisa baadaye moto ukawaka. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, kijiji kilicho kusini ya mto, alikuwa akigawa dawa ya maji iliyoaminika kugeuza risasi kuwa maji. Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Mwezi uliofuata Kinjeketile akanyongwa Mohoro. Jeshi la Wajerumani lilichoma vijiji na maghala, na njaa ikamaliza kazi ambayo bunduki iliiacha. Wanahistoria wengi huhesabu vifo kati ya 200,000 na 300,000. Mashamba yaliyoachwa yaliota vichaka, vichaka vikaleta mbung'o, na nyuma ya mbung'o wakaja tembo.

Vita Kuu ya Kwanza ikapita palepale. Manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha katika delta ya Rufiji hadi ikazamishwa Julai 1915. Tarehe 4 Januari 1917, Behobeho, risasi ilimuua Kapteni Frederick Courteney Selous, mwindaji mashuhuri wa Kiingereza aliyekuwa ametimiza miaka 65 siku nne kabla. Alizikwa hapo, na mwaka 1922 Waingereza wakaipa jina lake mbuga nzima. Wapagazi waliobeba risasi na unga wa majeshi yote mawili walikufa kwa maelfu, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa vita, na wengi wao hawana kaburi linalojulikana. Wenyeji nao hawakuhangaika na Selous. Waliendelea kuiita mbuga Shamba la Bibi, kwa kisa kinachosimuliwa kwamba Kaiser Wilhelm alimzawadia mkewe.

Pigo lililofuata lilikuja na daktari na bwana nyama. Katika miaka ya 1940, kwa hoja ya kuzuia malale, serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa upande wa Liwale. C.J.P. Ionides, mkamata nyoka aliyefanya kazi Idara ya Wanyamapori, aliona nafasi ya kuipanua mbuga, akaitumia. Malale yalikuwepo kweli, lakini ni vigumu kuamini kwamba ugonjwa peke yake ndio uliochora mipaka mikubwa kiasi kile. Mrithi wa Ionides, Brian Nicholson, aliigawa mbuga kuwa vitalu, na ada za wawindaji wa kigeni zikalipia barabara na mishahara ya askari.

Baada ya uhuru, mafuriko ya 1968 yaliipa serikali sababu ya kuanzisha Operesheni Rufiji. Watu wa bonde la chini walihamishiwa vijiji vya ujamaa kwenye ardhi ya juu, upande wa kaskazini. Madungu hayakutoweka, maana mpunga bado ulitaka mlinzi. Sasa mkulima alikuwa na nyumba kijijini na dungu shambani.

Ndipo kambi za watalii wa kupiga picha zilipoanza kuota kwenye kingo zilizobaki wazi, katika miaka ya 1970, wakati reli ya TAZARA ilipofungua njia hadi Kisaki. Zilikuwa chache, ndogo, na zilitoa kitu ambacho mbuga nyingi za kaskazini hazikuruhusu: boti, na matembezi ya miguu pamoja na askari mwenye bunduki. Biashara ilikua huku tembo wakiisha. Sensa ya 1976 ilikadiria tembo wapatao 109,000. Ile ya 2013 iliwakuta 13,084. Mwaka uliofuata UNESCO iliiweka Selous, Urithi wa Dunia tangu 1982, kwenye orodha ya hatari. Mwaka 2019 sehemu kubwa, kilomita za mraba 30,893, ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mwaka huo huo ujenzi wa bwawa la umeme la megawati 2,115 ulizinduliwa kwenye korongo la Stiegler, na mtambo wa kwanza ukaanza kazi Februari 2024. Mto uliofurika kwa mapenzi yake sasa una mageti, na ukingo ambao kambi zimesimama juu yake unamtegemea anayeyafungua.

Wahudumu wengi wa kambi hizi hutoka Mloka na vijiji jirani. Wapo ambao babu zao walilinda mpunga madunguni. Msomaji akibahatika kufika, amwombe mwongozaji ampeleke Behobeho. Ataonyeshwa kaburi la Selous, kwa kuwa lipo kwenye ratiba. Aulize pia kijiji cha mwaka 1879 kilikuwa wapi.