Nyumba Kumi Zilikuwa za Nani?

Wiki hii natamani tuzungumzie ulinzi na usafi wa mitaa yetu ya katikati ya mji. Kikao cha mtaa Kariakoo hakimaliziki bila kugusa vibaka na taka. Na hakikosi mzee mmoja atakayesimama na kusema kwamba enzi za nyumba kumi mambo haya hayakuwapo. Vijana hucheka. Mimi sicheki, lakini pia simkubalii mzee wetu moja kwa moja. Vibaka walikuwapo, na taka zilikuwapo tele. Kilichokuwapo zaidi ni namna ya kukabiliana nayo, na namna hiyo ina historia ambayo wengi tunaikumbuka nusunusu.

Tuanzie mbali kidogo. Kariakoo haikuanza kama kijiji cha ndugu. Wajerumani ndio waliolitenga eneo hili, kabla ya vita vya 1914, liwe la makazi ya Waafrika. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916 wakaweka hapa kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, na midomo ya watu ikalifanya jina hilo kuwa Kariakoo. Kati ya huku kwetu na Uhindini uliachwa uwanja mtupu, Mnazi Mmoja, na sababu iliyotajwa ilikuwa afya ya mji. Usafi kwa mkoloni maana yake ilikuwa kumweka jirani mbali. Na usalama ulikuwa misako: polisi walikamata walioitwa wahuni, watu wasio na kazi ya kueleweka, wakarudishwa makwao.

Sasa ndani ya mji huo wa kupangwa, watu wakajitengenezea ujirani wao. Chombo chao kikubwa kilikuwa nyumba yenyewe. Wenye umri wangu wanaijua: ukumbi katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, uani jiko na choo na bafu, na mbele baraza. Mwenye nyumba aliishi chumba kimoja, vingine akapangisha. Mwingereza mmoja, J. A. K. Leslie, aliufanyia mji huu utafiti katika miaka ya 1950, na kitabu chake kikatoka 1963. Kinaonyesha jinsi watu wa makabila tofauti walivyochanganyika nyumba kwa nyumba, wakitumia choo kimoja na ua mmoja. Hapo hapana aliyehitaji kuamriwa kufagia. Zamu ya kufagia uani ilijulikana, na asiyeshika zamu aliambiwa, tena kwa sauti ya kusikika nyumba ya pili. Barazani hakukosi mtu. Mgeni akipita mara mbili bila kubisha hodi, anaulizwa: mwanangu, unamtafuta nani?

TANU, iliyozaliwa Julai 7, 1954 papa hapa, kwenye mtaa unaoitwa leo Lumumba, iliukuta ujirani huo tayari. Katikati ya miaka ya 1960 ikaupa mfumo: kila nyumba kumi zichague mjumbe wao, au balozi kama wengine wanavyomwita. Mjumbe alisuluhisha ugomvi wa mke na mume, aliwaandika wageni, alikusanya michango ya msiba, aliitisha watu kuzibua mtaro. Barua yake ilihitajika hata kumdhamini mtu polisi. Nyakati za uhaba, mwanzoni mwa miaka ya 1980, sukari na unga vilipopatikana kwa mgawo, mjumbe ndiye aliyejua kaya ipi ina vinywa vingapi.

Tusiipake rangi historia hiyo. Mtu anayejua idadi ya vinywa vyenu anajua pia nani hana kazi. Mwaka 1983 ilipokuja Nguvu Kazi, na watu wasio na vitambulisho vya kazi wakapakiwa kwenye magari kupelekwa mashambani, si kila aliyelala ndani ya nyumba kumi alilala kwa amani. Jicho la jirani ni ulinzi, lakini inategemea linamwambia nani.

Kisha wakaja sungusungu. Jina ni la wale siafu weusi wanaoshambulia kwa pamoja, na jambo lenyewe lilianzia kwa Wanyamwezi na Wasukuma, pande za Kahama, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wizi wa ng'ombe ulikuwa umezidi, na silaha zilizagaa baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Wanavijiji wakajipanga wenyewe kwa pinde na mishale. Serikali kwanza ikasita, kisha ikawakumbatia. Sheria ya mwaka 1989 iliyorekebisha sheria za mgambo ikawapa kivuli cha kisheria. Kufika 1990 sungusungu walikuwa wanadoria mpaka hapa Dar es Salaam. Huo ndio wakati ambao mzee Augustine Mrema, Waziri wa Mambo ya Ndani, alikuwa akitoa siku saba kwa kila mtu.

Nilikuwa mtoto, lakini zamu za baba nazikumbuka. Rungu, kurunzi, filimbi, na koti zito lisilo na maana kwa joto la mji huu. Nyumba isiyo na mwanamume ilitoa chai au fedha kidogo. Usiku mmoja filimbi ikalia, tukasikia "mwizi! mwizi!", na miguu ya watu ikikimbia. Kijana alikuwa amewekwa chini, na mtu ameshatoka na tairi. Wasikilizaji wa mji huu hawahitaji nieleze tairi ni la nini. Akatokea mama mmoja mwenye nyumba, kanga mabegani, akamulika kurunzi usoni mwa yule kijana akasema: huyu ni mpangaji wa nyumba ya tatu, anatoka kupakua magari sokoni. Basi. Watu wakatawanyika wakinung'unika, na kijana akainuka akiwa na damu mdomoni.

Nimelitafakari tukio hilo miaka mingi. Filimbi ilileta watu hamsini. Aliyemwokoa kijana ni mmoja aliyemjua. Ulinzi wa nyumba kumi haukuwa rungu, maana rungu hata kundi la wahuni wanalo. Ulikuwa kujuana kwa sura, kwa chumba, na kwa kazi. Pale kujuana kulipokosekana, filimbi ileile iliua watu, na mji huu umewazika wengi ambao hatia yao haikujulikana kamwe.

Upande wa taka mambo yalikuwa tofauti, kwa sababu ufagio wa jirani una mwisho wake. Unaweza kufagia uani na mbele ya baraza, ukakusanya taka zote kwenye kona. Baada ya hapo unahitaji gari, na magari ya Halmashauri ya Jiji yalikuwa yamekwisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 taka zilizozolewa kwa siku hazikufika hata asilimia 10 ya zilizozalishwa. Maganda ya machungwa na makoa ya migomba ya soko letu yalirundikana mpaka barabara ikawa njia ya mguu.

Na zile zilizozolewa zilikwenda wapi? Hapa pana jambo tusilolisimulia vya kutosha. Zilikwenda Tabata, milangoni kwa majirani wa watu wengine. Wakazi wa Tabata wakafungua kesi mwaka 1988, wakashinda. Jiji likaomba kuongezewa muda wa kuendelea kumwaga, na mwaka 1991 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu akakataa. Jiji likahamia Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko, mamia kwa majina yao, nao wakaenda mahakamani mwaka huohuo, nao wakashinda. Wale hawakushika rungu wala ufagio. Walikaa pamoja, wakachanga, wakatafuta wakili. Mimi hiyo naihesabu kuwa kazi ya ujirani kubwa kuliko doria zote za Kariakoo. Na sisi wa Kariakoo, wenye taka zile, hatukuwauliza hata siku moja moshi wa dampo ulikuwa unawafikaje.

Mwaka 1994 kampuni binafsi ikapewa kuzoa taka za kata za katikati ya mji, kwa ada. Wengi hawakulipa. Mwaka 1996 Serikali ikaivunja Halmashauri ya Jiji na kuweka Tume chini ya Charles Keenja, na uzoaji ukaenea kwa makampuni na vikundi vya wananchi, vikiwamo vya akina mama. Hali ikawa afadhali, tuseme ukweli. Ila ufagio ulikuwa umekwisha kuwa bili.

Wakati huohuo mjumbe wetu alipata matatizo mengine. Tarehe 1 Julai 1992 vyama vingi vikaruhusiwa. Balozi wa nyumba kumi akabaki kuwa wa CCM, na Serikali ikaleta mtaa wenye mwenyekiti wa kuchaguliwa, uchaguzi wa kwanza ukiwa 1994. Ilikuwa haki, haiwezekani barua ya kila raia isainiwe na chama kimoja. Lakini mtaa si nyumba kumi. Ni mamia ya watu. Polisi walipokuja na ulinzi shirikishi mwaka 2006, walikuwa wanamtafuta tena yule mama mwenye kurunzi.

Naye hayupo. Nyumba ya vyumba sita imebomolewa, limesimama ghorofa. Chini maduka, juu maduka na stoo, na wenye kulala humo ni wachache. Jioni wenye biashara wanapanda magari kwenda Kimara, Mbagala, Tegeta. Asubuhi ya Novemba 16, 2024 ghorofa moja lilipoporomoka hapa na kuua watu zaidi ya 20, waliotangulia kufukua walikuwa wachuuzi na wapita njia, kwa nyundo na mikono mitupu. Swali lililosumbua tangu saa ya kwanza lilikuwa: ndani kuna watu wangapi? Hapakuwa na daftari la kujibu. Majibu yalitoka kwa wenye maduka ya jirani, na kwa simu za waliokwama.

Hao ndio wanaojuana Kariakoo leo. Lakini mkutano mkuu wa mtaa ni wa wakazi, na mwenye duka anayelala Mbagala hana kiti ndani yake, wala mbeba mizigo, wala Mmasai anayelinda mlango usiku kucha. Wenyeviti wa mitaa yetu waanze hapo: daftari la kila ghorofa, sakafu kwa sakafu, anayelala na asiyelala, na jina la yule wa kupigiwa simu.