Paa Linalotoka, na Mahali pa Kuliweka

Julai 1940, Ufaransa ikiwa imeshaangukia mikononi mwa Wajerumani, Jeshi la Marekani lilizipelekea kampuni 135 mwaliko wa zabuni. Lilitaka gari dogo la upelelezi, lenye kuendeshwa na magurudumu yote manne, uzito wake usizidi ratili 1,300, yaani kama kilo 590, na kioo chake cha mbele kiweze kulazwa. Gari la mfano lifikishwe jeshini ndani ya siku 49. Zilizojibu ni kampuni mbili tu: Willys-Overland ya Toledo, Ohio, na American Bantam, kiwanda kidogo cha Butler, Pennsylvania, ambacho wakati huo kilikuwa kinachungulia kaburi. Bantam ikamwita mhandisi Karl Probst, naye akachora gari zima kwa siku chache. Tarehe 23 Septemba gari hilo likaingia kambi ya Holabird, Maryland, muda ukiwa karibu kwisha.

Halikuwa na paa. Lilikuwa na turubai. Na anayedhani liliachwa wazi ili askari wapunge upepo amepotea njia. Paa la chuma lingeongeza uzito, na uzito ndio uliowatoa wahandisi jasho tangu siku ya kwanza. Hata bila paa zile kilo 590 hazikufikiwa, ikabidi jeshi lipandishe kikomo hadi ratili 2,160, kama kilo 980. Paa lingeinua kimo cha gari, adui akaliona kutoka mbali. Lingewazuia watu kuruka nje risasi zinapoanza. Tena lingekula nafasi melini.

Gari lililozaliwa kutokana na zabuni ile ndilo Jeep, na kabla vita havijaisha Willys na Ford walikuwa wameshaunda zaidi ya 600,000. Ukiliangalia kwa karibu, paa lake lilikuwa kitu cha akili sana. Mirija miwili ya chuma iliyopindwa ilisimamishwa ubavuni mwa bodi, nyuma ya viti vya mbele. Turubai lilitandazwa juu yake, likabanwa kwa vifungo kwenye fremu ya kioo cha mbele, kisha likakazwa nyuma kwa mikanda. Lilipotakiwa kutoka, mirija ilikunjwa ikalala kukizunguka kiti cha nyuma, nalo turubai likakunjwa kama shuka na kusukumwa chini ya kiti cha abiria wa mbele. Chini ya kiti cha dereva hapakuwa na nafasi, maana hapo palikaa tangi la petroli. Mtu mmoja aliimaliza kazi hiyo peke yake, na paa halikuachwa kambini: lilikwenda na gari kokote lilikokwenda.

Uwazi huo ulikuwa na gharama yake. Ulaya, Wajerumani walikuwa wakitanda waya njiani, kwenye kimo cha shingo ya mtu aliyeketi ndani ya Jeep iliyolazwa kioo. Mafundi wa jeshi wakajibu kwa kuchomelea kipande cha chuma kilichosimama wima mbele kabisa ya gari, chenye ncha iliyopinda, ili kiukate waya kabla haujamfikia dereva. Jeep nyingi katika picha za miaka 1944 na 1945 zina chuma hicho.

Mwaka 1945 Willys ilianza kuwauzia raia Jeep ya CJ-2A, ikiwalenga hasa wakulima. Mkulima hana haja ya kujificha asionekane na adui. Ana theluji, ana mvua, na ana mke anayetaka kufika kanisani akiwa mkavu. Ndipo vikaanza viwanda vya pembeni. Koenig ya Houston, Texas, ikauza mapaa ya chuma ya kufunga kwa bolti, na Bestop, iliyoanza mwaka 1954 huko Boulder, Colorado, ikashona ya turubai. Tangu hapo tatizo likawa lile lile hadi leo. Paa gumu huzuia mvua, lakini ukilitoa linabaki nyumbani, na wingu likijikusanya ukiwa kilomita 50 kutoka hapo huna la kufanya. La turubai husafiri nawe, lakini hupigapiga kwa upepo, huingiza maji kwenye maungio, na mwizi hulipasua kwa kisu cha jikoni. Wahandisi wamehangaika kwa miaka themanini kupata paa lenye sifa za yote mawili.

Uingereza walilianza suala hilo kwa njia nyingine. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa na Jeep ya mabaki ya vita kwenye shamba lake kisiwani Anglesey, na kutokana nayo likaja wazo la Land Rover, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Chuma cha bati kilikuwa adimu nchini mwake baada ya vita, hivyo bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini. Mwanzoni hata milango na turubai la juu viliorodheshwa kuwa nyongeza za kulipiwa mbali. Turubai hilo lilitandazwa juu ya mirija kama ya Jeep, lakini pembeni lilifungwa kwa kamba iliyopitishwa kwenye vikulabu vidogo vilivyopigwa ubavuni mwa bodi. Tafadhali msomaji, viweke akilini vikulabu hivyo.

Mwaka huo huo wa 1948 Rover ikatoa pia Land Rover yenye paa la kudumu na madirisha, bodi yake ikiundwa na Tickford juu ya mbao. Haikuuzika. Serikali iliitoza kodi ya manunuzi kama gari la starehe, wakati ile ya turubai ilihesabiwa kuwa chombo cha kazi na kusamehewa. Za Tickford zilizotengenezwa hadi mwaka 1951 hazikufika 700. Wapenzi wa magari hupenda kusimulia habari za uhuru na upepo wa nyikani, ila nadhani afisa wa kodi naye anastahili sifa yake katika kulibakisha gari hili wazi.

Baadaye Rover ikaona ni afadhali kulifanya paa kuwa kipande cha kuongeza au kupunguza. Paa la alumini lilikaa juu ya kuta zake, kuta zikakaa juu ya bodi, na lote likashikwa kwa bolti na nati, raba ikiwekwa katikati kuzuia maji. Gari lile lile likawa la turubai, la kabini fupi, au la paa zima, kwa kubadilisha vipande tu. Kasoro ilijificha penye bolti: alumini ikigusana na chuma huku pana maji ya chumvi, alumini huliwa. Fundi wa pwani anayezijua Land Rover za zamani humwambii kitu kuhusu unga mweupe unaojitokeza hapo.

Afrika Mashariki gari hili lilipokelewa mapema. Lilikuwa la bwana shamba, la bwana nyama na la polisi. Kwa jua la huku kampuni ikaleta katika miaka ya 1950 paa la ngozi mbili: bati la pili liliinuliwa kidogo juu ya lile la kwanza, hewa ikapita katikati, na chini yake pakawa na vidirisha vya kupitisha upepo. Bati la juu hupokea jua, la chini hubaki na nafuu. George Adamson, bwana nyama wa kaskazini mwa Kenya, alikuwa na Land Rover ambayo simba wake, Elsa, alipenda kulalia paa lake. Picha hizo zilienea duniani baada ya mkewe, Joy, kuchapisha kitabu cha Born Free mwaka 1960.

Watalii walipoongezeka, shida ikageuka. Mgeni anataka kusimama apige picha, lakini sheria za hifadhi zinamkataza kushuka garini au kukaa juu ya paa. Gari la wazi kabisa humpa picha, kisha humwacha juani saa sita mchana na kumvika vumbi jekundu kichwa hadi miguu. Mafundi wa Nairobi na Arusha wakalipatia jibu ambalo mimi naliona bora kuliko mengi yaliyotoka viwanda vikubwa. Hulikata paa la Land Cruiser iliyorefushwa, au la basi dogo, hulizungushia fremu ya chuma mahali lilipokatwa kwa sababu bodi isiyo na paa hulegea, kisha hulirudisha paa juu ya vyuma vya kukunja. Dereva akifika penye tembo anafungua komeo na kulisukuma juu. Abiria husimama na kuona pande zote nne, paa likiwatilia kivuli. Safari ikiendelea linashushwa na kukazwa. Swali la mahali pa kuliweka paa lililotoka halipo tena, maana halikwenda popote.

Marekani walipitia njia ndefu zaidi. International Harvester ilitoa Scout mwishoni mwa mwaka 1960, ikiwa na paa la chuma la kufungua. Ford ikafuata na Bronco ya mwaka 1966, na Chevrolet na Blazer ya mwaka 1969. Paa la Blazer lilikuwa kipande kimoja kikubwa cha faibaglasi, kuanzia juu ya dereva hadi mlango wa nyuma. Kulitoa kulihitaji watu kadhaa wenye migongo mizima, na kulirudisha kulihitaji watu hao hao wawe hawajaondoka. Maungio yake marefu yalivuja. Kuanzia mwaka 1976 Chevrolet ikawajengea dereva na jirani yake paa la chuma lisilotoka, ikaacha sehemu ya nyuma tu ndiyo ya kufunguliwa, na Bronco ya mwaka 1978 ikaiga.

Kisha zikaja sheria za mikanda na taa. Mikanda ya mabegani ya kiti cha nyuma na taa ya tatu ya breki vilihitaji mahali pa kushika, na mahali hapo pakawa kwenye paa lenyewe. Bronco za mwaka 1992 hadi 1996 zilifungwa bolti za kichwa maalumu ambacho spana ya kawaida haikishiki, na kampuni ikaacha kabisa kulitaja paa hilo kuwa linatoka. Wenye magari wakanunua spana inayofaa wakaendelea kulitoa.

Jeep yenyewe iliipa CJ-7 ya mwaka 1976 paa gumu la plastiki la kiwandani, lakini hatua kubwa ilikuja na Wrangler ya mwaka 2007. Paa lake liligawanywa vipande vitatu. Viwili vya mbele, kimoja juu ya dereva na kingine juu ya abiria, hushikwa kwa makomeo ya mkono. Mtu mmoja huvitoa kwa dakika chache, akaviweka nyuma ya gari na kuondoka navyo. Kile kikubwa cha nyuma bado kinahitaji spana na msaidizi. Kwenye toleo la 2018 ikaongezwa aina nyingine, turubai pana linalojivuta nyuma kwa mota, dereva akibonyeza kitufe.

Kugawanya paa kunapunguza uzito wa kila kipande, ila kunazidisha maungio, na kila ungio linataka raba na vipimo visivyo na mzaha. Bronco mpya ilipoingia sokoni mwaka 2021, paa lake gumu la vipande liliharibika sura likipata maji na unyevunyevu mwingi. Agosti mwaka huo Ford ikatangaza kuwa itabadilisha mapaa magumu ya magari yote yaliyokwisha kutengenezwa, na wateja wengi waliokuwa wameagiza wakaendelea kusubiri.

Land Rover ya muundo wa zamani, iliyokuja kuitwa Defender, iliacha kutengenezwa Solihull tarehe 29 Januari 2016. Gari la mwisho kutoka kiwandani hapo lilikuwa la turubai, na vikulabu vyake vya kufungia kamba vilikuwa vile vile vilivyotumika tangu 1948.