Kanisa Kuu la Jimbo: Mwongozo kwa Mhujaji na kwa Mtalii

Wapo waamini wetu wanaopata nafasi ya kufika Italia, wengine kwa masomo, wengine kwa hija. Hurudi na picha za Milano, Firenze na Roma, na sisi huzitazama kwa furaha. Wapo pia wageni wanaofika Bukoba, wakaingia katika Kanisa Kuu la Mama wa Huruma, wakapiga picha kaburi la Mwadhama Laurean Kardinali Rugambwa, kisha wakaendelea na safari. Makundi haya mawili yanatupa swali moja: mtu anapoingia katika Kanisa Kuu, anaingia mahali gani hasa?

Kiti kinacholipa kanisa jina lake

Wengi hudhani kwamba Kanisa Kuu huitwa hivyo kwa sababu ya ukubwa au uzuri wake. Sivyo. Kanisa Kuu ni lile lenye kiti cha Askofu, kiitwacho kwa Kilatini *cathedra*, ambacho ni alama ya mamlaka yake ya kufundisha na kuchunga. Ndiyo maana Kanisa Kuu la Roma si Basilika ya Mtakatifu Petro, ingawa ndiyo mashuhuri zaidi, bali ni Basilika ya Laterano. Kutabarukiwa kwake tunakuadhimisha ulimwenguni kote kila tarehe 9 Novemba.

Watu wa Buhaya hawahitaji maelezo marefu juu ya jambo hili. Kwa Kihaya kiti ni *entebe*, na mji wa Entebbe, ng'ambo ya ziwa letu, unabeba neno hilohilo. Wenyeji husimulia kwamba hapo palikuwa na viti vya mkuu wa ukoo aliyeketi kuamua mashauri ya watu wake. Mwenye kiti akiketi, watu hunyamaza wasikilize. Kanisa nalo limetunza maana hiyo, isipokuwa kwamba neno linalotoka katika kiti cha Askofu si lake mwenyewe, ni Neno la Kristo.

Milano: Mwafrika aliyekwenda kusikiliza

Kanisa Kuu la Milano lilianza kujengwa mwaka 1386, na kazi yake ilichukua karne nyingi. Watalii hupanda hadi juu ya paa lake kutazama minara ya marumaru. Walio wachache hushuka chini, yalipo mabaki ya kisima cha ubatizo cha karne ya 4, chenye pembe nane. Kwetu Waafrika, hapo ndipo penye hazina.

Mwaka 384 alifika Milano mwalimu wa ufasaha wa lugha, mzaliwa wa Tagaste, katika nchi inayoitwa leo Algeria. Jina lake ni Augustino. Alikwenda kumsikiliza Askofu Ambrosi, si kwa kiu ya imani, bali kwa hamu ya kuona kama ufasaha wake ulistahili sifa alizopewa. Lakini mafundisho yaliingia pamoja na maneno yaliyoyabeba. Katika Pasaka ya mwaka 387, Ambrosi alimbatiza pamoja na mwanawe Adeodato na rafiki yake Alipio. Mwafrika huyo akawa Askofu wa Hippo na Mwalimu wa Kanisa.

Kwa hiyo tusimdharau mtalii. Augustino naye alianza kwa udadisi. Jambo la kuuliza ni kama kanisani alikuta mtu wa kumfundisha, naye alimkuta.

Bukoba: kaburi ndani ya kanisa

Wageni huuliza kwa nini Kardinali amezikwa ndani ya kanisa wakati waamini wengine huzikwa makaburini. Jibu limo katika Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1242: miili isizikwe makanisani, isipokuwa ya Baba Mtakatifu, au ya Makardinali na Maaskofu wa jimbo, hata waliostaafu, ambao huzikwa katika kanisa lao. Kaburi hilo, basi, lina uhusiano na kile kiti. Aliyelifundisha taifa la Mungu anapumzika katikati ya taifa hilo, akingoja ufufuko.

Kardinali Rugambwa alizaliwa mwaka 1912 na kupewa Daraja ya Upadre mwaka 1943. Mwaka 1953 akawa Askofu wa Rutabo, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Muleba. Machi 1960 Papa Yohane XXIII alimfanya Kardinali, Mwafrika wa kwanza wa nyakati zetu kupewa hadhi hiyo, na mwaka huohuo akawa Askofu wa Bukoba. Alishiriki Mtaguso wa Pili wa Vatikano, na mwaka 1968 aliteuliwa kuwa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam. Alifariki tarehe 8 Desemba 1997. Mwili wake ulihifadhiwa kwanza Kashozi, misioni iliyoanzishwa na Mapadre Weupe mwaka 1892, hadi ulipohamishiwa Kanisa Kuu la Bukoba Oktoba 2012.

Kwa kawaida Kardinali hupewa kanisa mjini Roma, ishara kwamba anahesabiwa miongoni mwa wakleri wa jiji hilo. Kanisa alilopewa yeye ni la Mtakatifu Fransisko, Ripa Grande. Mwana wa Kagera anayefika Roma asiache kuingia humo na kumkumbuka katika sala.

Hapa tuwe waangalifu. Kanuni ya 1187 inaruhusu heshima ya hadhara kwa wale tu ambao Kanisa limewaandika katika orodha ya Watakatifu au Wenyeheri. Mbele ya kaburi la Kardinali tunamshukuru Mungu kwa ajili yake na tunamwombea pumziko la milele.

Namna ya kuingia

Anza kwa maji ya baraka, ukikumbuka ubatizo wako. Tafuta taa inayowaka karibu na Tabernakulo, upige goti, usali kabla ya kutoa simu mfukoni. Kisha tazama altare, mimbari ya Neno na kiti cha Askofu, mwombee anayekikalia. Kaburi liendee baada ya hayo. Inasikitisha mtu akisafiri mbali kumwona Kardinali aliyelala, huku akimpita Bwana aliye hai.

Katika makanisa makuu kadhaa ya Italia mtalii hulipa kiingilio, na fedha hizo husaidia kutunza majengo ya kale. Lakini kanuni ya 1221 inaagiza kwamba wakati wa ibada watu waingie kwa uhuru na bila malipo. Kwa hiyo anayekwenda Milano na aulize kwanza saa za Misa.

Na wewe unayeishi Bilele au kigango cha mbali cha Muleba, usingoje arusi au mazishi ya mkubwa ndipo ufike katika Kanisa Kuu lako. Fika katika Misa ya Kubariki Mafuta, Mapadre wanapokusanyika na Askofu wao kurudia ahadi zao. Mafuta yanayobarikiwa hapo ndiyo yatakayompaka mwanao siku ya Kipaimara, na mgonjwa wako kitandani. Katika kila Misa ya kigangoni Askofu hutajwa kwa jina. Ni vema kukijua kiti anachofundishia.