Plazma Iliyojijengea Ukuta

Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi. Hawakuwahi kubeba plazma.

Plazma ni gesi iliyopashwa moto hadi atomu zake zikapokonywa elektroni. Ili viini vya haidrojeni viungane na kutoa nishati, gesi hiyo lazima ifike nyuzi milioni 100 na zaidi, joto lisilovumiliwa na chombo chochote. Katika miaka ya 1950 Wasovieti walibuni tokamaki, mtambo wa umbo la pete ambamo sumaku huizuia plazma isiguse kuta. Joto likavuja hata hivyo. Ubaya zaidi, kadiri moto ulivyochochewa ndivyo uvujaji ulivyozidi.

Februari 1982, huko Garching karibu na Munich, Fritz Wagner alikuwa akifanya majaribio kwenye tokamaki ya ASDEX, iliyopashwa kwa miale ya atomu ziendazo kasi. Nguvu ya miale ilipovuka kiwango fulani, mwanga wa ukingoni ulififia ghafla, msongamano wa plazma ukapanda, na joto likakaa ndani karibu mara mbili ya muda wake wa kawaida. Hakuna aliyekuwa amelipanga jambo hilo. Wanafizikia wengi walilitilia shaka, na si ajabu: bahati kubwa namna hiyo hufanana sana na kosa la kipimo. Kisha mitambo ya Princeton na San Diego ikaonyesha jambo lilelile, nayo hali hiyo ikabaki na jina la H.

Kilichotokea kilikuwa ukingoni, katika utando wa sentimita chache tu. Mwaka 1988 Sanae Itoh na Kimitaka Itoh wa Japani walielekeza kidole kwenye uga wa umeme wa mahali hapo. Mwaka uliofuata, watafiti wa Los Angeles walichomeka elektrodi kwenye ukingo wa plazma, wakaupa umeme, plazma ikaanza kuzunguka na hali ya H ikaja kwa kulazimishwa. Mwaka 1990 Biglari, Diamond na Terry walieleza sababu: ukingoni tabaka za plazma hupishana kwa kasi zisizolingana, na kisulisuli kinachonaswa kati yake hunyumbuliwa na kukatwa vipande kabla hakijabeba joto kulipeleka nje.

Ukuta huo wa tabaka zinazopishana una bei yake. Shinikizo hujikusanya nyuma yake, kisha hupasuka kwa mishindo inayochoma kuta halisi za mtambo, na hadi leo wahandisi wanahangaika kuituliza. Hata hivyo ITER, mtambo mkubwa unaojengwa Cadarache, Ufaransa, umesanifiwa kwa kutegemea hali hiyohiyo.

ASDEX yenyewe ilizimwa mwaka 1990. Sehemu zake kuu zilisafirishwa hadi Chengdu, China, zikaundiwa tokamaki mpya ya HL-2A, iliyoanza kazi mwaka 2002.