Kutu ya Shinkolobwe

Wandugu, kila mara tukizungumza juu ya Shinkolobwe tunakimbilia Hiroshima. Ile historia tunaijua: Robert Sharp kuona madini mu 1915, Union Minière kuchimba kwa ajili ya radiumu, Sengier kutuma karibu tani 1 200 New York mu 1940. Mimi niko agronomu, na swali langu liko chini zaidi: jiwe lililobaki linafanya nini na hewa?

Uraninite ya pale ni nyeusi na nzito, uraniumu moja kwa oksijeni mbili. Lakini karibu na uso wa udongo, maji na hewa viliifikia, ikanywa oksijeni, ikageuka manjano, machungwa, kijani. Alfred Schoep, Mbelgiji, alizieleza nyingi kati ya 1921 na 1924: kurite, bekerelite, sklodovskite, na kasolite, yenye jina la palepale Kasolo. Kwa lugha ya nyumbani, zote ni kutu ya uraniumu.

Rangi inadanganya lakini. Uraninite inaweza kuficha oksijeni ya ziada katikati ya atomu zake na bado ibaki nyeusi ti. Hapo ndipo miali ya X inasaidia. Unapiga jiwe kwa miali ya elektronivolti 17 000 hivi, unapandisha kidogo kidogo, mpaka elektroni ya ndani iruke. Atomu ambayo oksijeni imeinyang'anya elektroni inashikilia zilizobaki kwa nguvu, kwa hiyo inadai miali mikali zaidi. Tofauti ni elektronivolti chache tu, lakini inatosha kusoma: uraniumu ya nne, ya tano, ao ya sita.

Kwa nini agronomu ajali? Ya nne karibu haiyeyuki majini. Ya sita inayeyuka, zaidi kama maji yana karbonati, na sisi tuko mu inchi ya dolomia. Inashuka na mvua mpaka mu dembo, kule mama zetu wanapanda lengalenga. Mgodi ulifungwa mu 2004, mwaka uleule ulibomokea wachimbaji waliofuata kobalti. Sawa, lakini kila shimo walilofungua liliingiza hewa mahali ilikuwa haijafika. Analizi inayotoa jumla ya uraniumu peke yake haituambii kitu juu ya hiyo safari.

Mwenye kutafuta mada ya memwari, hii hapa. Ila ukichukua udongo wa dembo, usiuanike juani: utakunywa oksijeni njiani, na utapima kitu kingine, siyo kile kilikuwa chini.