Mwandiko wa Toma wa Akwino na Mikono Iliyoufumbua

Katika Maktaba ya Vatikani zimehifadhiwa kurasa ambazo Toma wa Akwino aliziandika kwa mkono wake mwenyewe, sehemu ya kitabu chake Summa contra Gentiles. Azionaye mara ya kwanza atashangaa kuambiwa kuwa ni kazi ya mwalimu mashuhuri kuliko wote wa falsafa ya Kikristo ya Enzi za Kati. Maneno yamefupishwa mno, herufi zimeandikwa mbiombio, na mistari mizima imekatwa na kuandikwa upya. Tangu zamani mwandiko huo umejulikana kuwa ni mwandiko usiosomeka.

Mtawa huyo Mdominiko alizaliwa Roccasecca, Italia, yapata mwaka 1225, akafariki Machi 7, 1274. Aliacha maandishi ya maneno zaidi ya milioni nane. Mengi aliyasema kwa imla, na waandishi wa kale wa maisha yake wanasimulia kwamba aliweza kuwatamkia makarani watatu au wanne kwa wakati mmoja, kila mmoja mada yake.

Safari ya maandishi hayo haikuishia kwa makarani. Huko Paris wauza vitabu wa chuo kikuu walikuwa na nakala ya mfano isiyojalidiwa, iliyogawanywa katika vipande vya kurasa chache chache. Mtu alikodi kipande, akakinakili, akakirudisha na kuchukua kinachofuata. Kwa njia hiyo watu wengi waliweza kunakili kitabu kimoja kwa wakati mmoja, lakini kosa lililokuwa katika kipande kimoja liliingia katika nakala zote zilizotokana nacho. Mfaransa Jean Destrez ndiye aliyeufafanua utaratibu huo kwa kina, katika kitabu alichochapisha mwaka 1935.

Kosa dogo lilikuwa na uzito mkubwa. Toma alikuwa akijenga hoja zake kwa kujadiliana na Aristotle, Ibn Sina na Ibn Rushd, na katika hoja za namna hiyo neno moja la kukanusha likirukwa, msimamo mzima hugeuka. Tena zama zenyewe zilikuwa za mivutano. Machi 7, 1277, miaka mitatu kamili baada ya kifo chake, Askofu Étienne Tempier wa Paris alilaani kauli 219 zilizofundishwa chuoni hapo, na baadhi yake zilikaribiana na mafundisho ya Toma.

Agosti 4, 1879, Papa Leo XIII alitoa waraka wake Aeterni Patris, akihimiza falsafa ya Toma irudishwe katika shule za Kanisa. Muda mfupi baadaye aliagiza vitabu vyote vya Toma vichapishwe upya baada ya miswada kulinganishwa. Juzuu la kwanza lilitoka mwaka 1882. Wadominiko waliokabidhiwa kazi hiyo wamepokezana kizazi baada ya kizazi, na hadi leo haijakamilika.

Wakati juzuu hizo zikiendelea kutoka, Mjesuiti wa Italia, Roberto Busa, alikutana na tatizo jingine. Katika utafiti wake wa shahada ya udaktari alichunguza dhana ya uwepo katika maandishi ya Toma, akabaini kwamba haitoshi kufuatilia maneno makubwa; ilimpasa kufuatilia hata kihusishi kidogo cha Kilatini, "in". Alijaza kadi 10,000 kwa mkono. Akaona wazi kwamba kuyaorodhesha maneno yote ya Toma kwa namna hiyo kungemaliza umri wa mtu.

Mwaka 1949 Busa alikwenda New York na kuonana na Thomas Watson, mkuu wa kampuni ya IBM, ambaye alikubali kumsaidia. Kazi ilifanyika hasa Gallarate, karibu na Milano. Huko wanawake vijana walikaa mbele ya mashine na kuyahamishia maandishi katika kadi za matundu, neno kwa neno, ingawa Kilatini chenyewe hawakukijua. Matokeo yake, Index Thomisticus, yalichapishwa kuanzia mwaka 1974 hadi 1980 katika juzuu 56, yakiwa na maneno yapatayo milioni 11, pamoja na ya waandishi wengine wanaohusiana na Toma. Mwaka 2005 faharasa hiyo iliwekwa kwenye intaneti.

Busa alifariki mwaka 2011 akiwa na umri wa miaka 97, akiheshimiwa kama mmoja wa waasisi wa matumizi ya kompyuta katika uchunguzi wa maandishi. Wanawake wa Gallarate walisahaulika kwa miongo kadhaa, mpaka mtafiti Julianne Nyhan alipowatafuta baadhi yao na kurekodi simulizi zao. Ni haki yao. Mwanafunzi wa falsafa ambaye leo anatafuta neno la Toma na kulipata papo hapo ana deni kwao, kama alivyo na deni kwa makarani wa karne ya 13, na historia ya taaluma hii haitakuwa kamili bila kuwataja.